Mtungi wa Mgeni

Mgeni alipiga hodi kwenye lango la Mwagimba jua likiwa limeshapanda vizuri, na kama kawaida yake hakuvuka hata unyayo mmoja kabla hajajibiwa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" kijiji kikajibu kwa pamoja, watoto kwa makelele, wazee kwa heshima, na Bi Ngolo, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa na zamu ya kumpokea, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba bila yeye hakuna kitakachofanyika hapo.

Akaingia. Alikuwa na kimo cha ndama, miguu minne ya chuma iliyovishwa mpira, mgongo wa vioo vya kunasa jua, na mabawa mawili ya kitambaa chepesi aliyoyakunjua kila asubuhi kunusa hewa. Mdomo wake ulikuwa mrija mwembamba. Wataalamu wa Jopo la Maji na Hewa waliomtengeneza walimpa jina refu lenye herufi na namba. Watu wa Mwagimba walilisikia mara moja, wakacheka mpaka machozi, wakamwita Mgeni. Kitu kinachotoka mbali kwa miguu, kikapiga hodi, kikaomba maji, wewe ungekiitaje?

Nyuma yake alitembea Kalekwa, binti wa Bi Ngolo, kofia ya Jopo kichwani. Kalekwa alisomea kemia ya maji mjini, akapata kazi Jopo, na badala ya kukaa kwenye ofisi yenye feni akaomba apangiwe kumsindikiza Mgeni katika nyika yao. Alikuwa anajivunia kazi yake, tena waziwazi. Kofia ile alikuwa anaifua mwenyewe, hakumruhusu mtu kuigusa.

Na pembeni alikuwepo Meja Shekalaghe wa Uwanja wa Majaribio wa jeshi, amevua buti mlangoni kama alivyofundishwa. Huyu hakuwa mtu mbaya. Wengine wangependa awe mbaya ili hadithi iwe rahisi, lakini hakuwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Kaa, unywe maji."

Bi Ngolo alifunua mtungi wake. Ulikuwa mtungi mweusi, mpana tumboni, aliokabidhiwa na mama mkwe wake siku alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Alichota kata moja, taratibu, kwa juu juu, bila kutikisa. Maji yalikuwa meupe mpaka ungehesabu mistari ya kiganja chake ndani yake. Mgeni akateremsha mrija, akanywa, akapima.

"Nashukuru, mama. Maji ni safi."

Vigelegele vikapigwa kama mtoto kazaliwa. Meja naye akapewa kata yake, akanywa yote, akajifuta mdomo. "Mama, mimi nimezunguka nchi hii. Maji kama haya sijayaona."

"Ni udongo wetu," Bi Ngolo akajibu, na hakujisumbua kujifanya mnyenyekevu.

Wakati huohuo ngurumo ikapita chini ya miguu yao, nzito, ikitokea ng'ambo ya vilima. Kuku wakaacha kudonoa, wakasikiliza, wakaendelea. Hakuna mtu aliyegeuza kichwa.

"Hayo makombora madogo tu," alisema Meja. "Kubwa ni baada ya onjo la pili, kesho kutwa. Mgeni akisema safi na mimi nikatia sahihi, linafyatuliwa."

Vijiji vingine vyote vilivyozunguka Uwanja vilishahama. Mwagimba waligoma. Waligoma kwa kelele, kwa kulala barabarani, kwa kina mama kukaa mbele ya magari ya jeshi wakisuka mikeka, mpaka ukaandikwa Mkataba. Maji ya kunywa ya Mwagimba yakiwa safi, kijiji kinabaki na Uwanja unabaki. Yakichafuka, majaribio yanasimama siku hiyohiyo na Jopo linakaa kuamua nani aondoke. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, wakaweka vifungu viwili zaidi. Mgeni atakunywa tu maji atakayopewa nyumbani, kwa mkono wa mwenyeji, ili jeshi lisimchagulie kisima wala mwanakijiji asimpeleke kwenye dimbwi lililotiwa kitu. Na upande utakaovuruga maji yanayopimwa, huo ndio utakaofungasha.

Jambo moja tu lilikuwa linamkera Kalekwa, nalo lilirudi asubuhi ile alipokunjua mabawa ya Mgeni na kusoma vipimo vya hewa. Makombora ya Uwanja yalikuwa na vichwa vya metali nzito ambayo, ikigonga jiwe, haipasuki vipande. Inageuka vumbi laini kuliko unga wa muhogo. Mabawa yalikuwa yamelinasa vumbi hilo. Kila mara yalilinasa. Hewa ilisema vumbi limepita Mwagimba, maji yakasema halijafika. Mabingwa wa Jopo walishaandika kwamba udongo wa Mwagimba una uwezo wa ajabu wa kuchuja, na Kalekwa, mtoto wa udongo huo, aliamini. Nani asingeamini sifa ya kwao?

*

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, mbuzi wa Bi Ngolo alizaa. Kalekwa aliitwa zizini akakuta kitoto hakina manyoya, ngozi tupu, miguu ya nyuma imelegea kama kamba. Kililia mara mbili kikanyamaza.

"Mwingine tena," alisema Bi Ngolo kwa uchungu. "Mbuzi wa jirani wako salama, wangu tu ndio wenye mkosi. Na mimi ndiye ninayewatunza kuliko wote! Hata maji siwapi ya hivihivi."

"Unawapa maji gani?"

"Yale yanayobaki chini ya mtungi. Nikishamaliza kuchota ya juu, si nitayamwaga? Nawapa hawa wanaonyonyesha na wenye mimba."

Alisema hivyo huku amekwisha kubeba ndoo, akamimina kwenye hori. Yalitoka mazito, rangi ya chai iliyolala. Kalekwa aliyatazama yakitulia. Akachuchumaa mbele ya hori.

Sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Katika Mwagimba hakuna nyumba isiyo na mtungi wa mgeni. Maji ya kisima yana tope kidogo, na wenyeji hunywa hivyohivyo, hawana makuu. Lakini mgeni? Kumpa mgeni maji yenye tope ni aibu ambayo wajukuu wako watachekwa nayo. Kwa hiyo maji yake yanatiwa unga wa mbegu za mlonge, yanakorogwa, yanafunikwa, yanaachwa usiku kucha, kisha yanachotwa ya juu tu. Mtungi hauwi mtupu kamwe, maana mgeni hatumi habari kabla ya kufika. Na ndani haukwanguliwi. Unasuuzwa tu, kwani ukikwangua unaua ubaridi wake. Mtoto wa kike wa Mwagimba anajifunza hayo kabla hajajua kusonga ugali.

Na Kalekwa alijifunza mara ya pili, darasani. Mbegu ya mlonge ina protini inayonata. Chembe za uchafu majini husukumana, hazishikani, ndiyo maana zinaelea. Protini ile inazikamata, zinafanya mabonge, zinazama, na metali zilizojibandika kwenye chembe zinazama nazo. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani akapata alama zote. Hakuwahi hata siku moja kuliunganisha na mtungi wa mama yake. Mtungi ulikuwa adabu, na adabu mtu haipimi.

Alikimbilia begi lake akatoa karatasi za kupimia, zile zinazogeuka rangi zikikuta metali. Akachovya moja kwenye maji ya juu ya mtungi: ikabaki nyeupe. Akachovya nyingine kwenye hori: ikawa nyeusi kabla hajaitoa. Ya tatu akaenda nayo jikoni, kwenye ndoo ya maji ya kisima, ya wenyeji.

Binti yake Milembe alikuwa amesimama hapohapo, tumbo la miezi ya mwisho mbele yake, kata mdomoni.

"Milembe, acha!"

"Nini tena, mama? Nina kiu."

Kalekwa alimpokonya ile kata. Akachovya karatasi. Ikaanza kijivu, ikaenda zambarau iliyokolea, ikatulia hapo. Milembe aliitazama karatasi, kisha akamtazama mama yake, na taratibu akaweka mkono juu ya tumbo.

*

"Unataka kuniambia nini?" Bi Ngolo aliuliza. Walikuwa uani, Milembe katikati yao, karatasi tatu zimepangwa juu ya kinu. "Sema kwa Kiswahili cha watu."

"Mgeni hajawahi kuyaonja maji yetu, mama. Anaonja maji tuliyomsafishia. Sumu inabaki chini ya mtungi, nyingine tunakunywa sisi kutoka kisimani."

"Mimi ninamsafishia?"

"Sisi sote. Kila nyumba, kila msimu."

"Kwa hiyo mwanajeshi yule anakunywa maji meupe, na mjukuu wangu anakunywa sumu. Na aliyewagawia ni mimi." Bi Ngolo alikaa chini kwenye kigoda. Hakulia, alikasirika, na hasira haikuwa na pa kwenda. "Loo! Nilikuwa naona fahari, Kalekwa. Akisema safi, nilikuwa naona fahari mpaka usiku sipati usingizi."

"Hata mimi, mama."

"Basi ni rahisi. Kesho nitampa ya kisima. Atasema chafu, makombora yatanyamaza, yameisha."

Kalekwa alikuwa ameshalifikiria hilo, na moyo wake wote ulilitaka. Lakini akatikisa kichwa. "Watauliza imekuwaje yawe meupe juzi na machafu leo. Watasema tumetia kitu. Na hata wakikubali, wataandika kwamba uchafu umeanza leo. Miaka yote iliyopita itabaki imeandikwa safi. Hawa wanaoumwa mifupa hapa kijijini, na watu wa kule mto unakoteremkia, hakuna daktari atakayewatafuta, maana cheti kinasema walikunywa maji mazuri."

"Na tukisema ukweli wote? Wa mtungi?"

"Kile kifungu cha kuvuruga, mama. Tunaweza kuambiwa ni sisi tuliovuruga. Tunaweza kuhamishwa."

Ng'ambo ya ua jirani alikuwa anatwanga, hana habari.

"Tulilala barabarani kwa ajili ya hapa," Bi Ngolo alisema. "Baba yako amezikwa hapa."

"Najua."

"Unajua halafu unaniuliza?"

"Sikuulizi, mama. Mtungi ni wako, na mkono wa kumpa maji ni wako kesho. Kazi yangu mimi ni kuandika nilichokiona, na nitakiandika. Lakini sitaki kukiandika bila wewe." Akavua kofia ya Jopo. "Ningeweza kunyamaza nikabaki na kofia yangu. Ninaogopa, sikufichi. Ila nikinyamaza, sitaweza kumshika huyo mtoto wa Milembe akizaliwa."

Milembe akasema, "Bibi, mimi naweza kuzaa popote. Siwezi kuzaa kitu kama kile cha zizini."

Bi Ngolo alimtazama mjukuu wake. Kisha akainuka, akafunga upya khanga kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kuvuna.

"Waiteni wenye nyumba zao," alisema. "Nikiaibika, niaibike mbele ya watu wangu kwanza."

Walikuja, wakaambiwa, wakaonyeshwa karatasi. Palikuwa na kelele, usipime. Wengine walimtukana Kalekwa, wakamwita msomi asiye na kwao. Mwenyekiti wa kijiji aliapa kwamba karatasi ni mbovu, akaenda kuchukua maji ya mashapo ya mtungi wake mwenyewe ili aziumbue. Karatasi ikawa nyeusi mkononi mwake. Akaketi. Baada ya hapo hakuna aliyetukana tena, na mpaka jua linazama ndoo za kisima zilikuwa zimemwagwa na kila mtu anakunywa kutoka kwenye mtungi wa mgeni, ya juu juu, kama wageni kwao wenyewe.

*

Siku ya onjo la pili kijiji kizima kilivaa nguo za sikukuu. Meja Shekalaghe alifika na kalamu yake, akashangaa kuona umati. Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa, akaja mpaka mbele ya mlango wa Bi Ngolo.

Bi Ngolo alichota kata ya maji ya juu, kama siku zote.

"Nashukuru, mama. Maji ni safi."

Meja alifungua kifuniko cha kalamu.

"Subiri, baba," alisema Bi Ngolo. "Hayo yalikuwa ya mgeni. Sasa aonje yetu."

Milembe akamletea ndoo ya kisima, iliyochotwa asubuhi hiyo mbele ya watu. Bi Ngolo akachota, akanyoosha mkono. Mrija ukateremka. Safari hii Mgeni alikaa muda mrefu, na vioo vya mgongo wake vikageuka kidogo kulifuata jua, kama alivyofanya alipohitaji nguvu zaidi.

"Samahani, mama," alisema. "Maji haya si safi."

Meja aliinuka. "Kalekwa. Kuna nini hapa?"

Kalekwa alimweleza. Hakupunguza wala hakupamba; alianza na mlonge akamaliza na kitoto cha mbuzi. Meja alisikiliza, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye koo lake, akakumbuka kwamba yeye alikunywa ya juu. Alipozungumza alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya ndugu.

"Dada yangu, unajua unachokisema? Unasema wenyeji waliyasafisha maji ya kipimo. Mwanasheria wetu atakushukuru. Ataomba kijiji kiondolewe kwa kuvuruga, na vipimo vyote vya nyuma atavitupa. Futa kauli hiyo, tuseme kisima kimechafuka leo. Ninawatakia mema."

"Najua unatutakia mema, Meja. Sifuti."

"Basi mna ushahidi gani kwamba madini haya ni ya zamani, na kwamba ni yetu? Yanaweza kuwa ya jana. Yanaweza kuwa ya kitu kingine."

Hapo Kalekwa alikwama. Hili ndilo lililomnyima raha. Maji ya miaka iliyopita yalishanyweka. Mashapo yake yalishamwagwa. Umati ukaanza kunong'ona.

Ni Bi Ngolo aliyeuliza, na hakumuuliza Meja. Alimgeukia Mgeni. "Wewe, baba. Unaweza kuonja udongo?"

"Naweza, mama, nikipewa kwa mkono wa mwenyeji."

"Na udongo uliokaa na maji unakumbuka maji?"

"Chungu kina matundu madogo sana," alisema Mgeni. "Kisipokwanguliwa, kila kinachozama kinajibandika juu ya kilichotangulia. Utando juu ya utando."

Kalekwa akaelewa kabla mama yake hajasogea, akapiga kelele, "Mama, si lazima huo! Tutafute mwingine!"

"Mwingine wa nani? Nimtume jirani yangu avunje wake ili wangu upone?"

Bi Ngolo aliukumbatia mtungi pamoja na maji yake, mtungi wa mama mkwe wake, ambao mikono yake iliujua kuliko ilivyowajua watoto wake. Aliuinua mpaka usawa wa kifua. Alikuwa mtu mzima na ulikuwa mzito, lakini hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akauachia juu ya kinu.

Mtungi ulivunjika kwa sauti isiyo kubwa. Maji meupe yalitapakaa uani, yakamlowesha Meja miguu. Wanawake wa Mwagimba walishika vichwa. Bi Ngolo aliinama, akaokota kigae cha chini, kile kinene, akampelekea Mgeni kwa mikono miwili kama unavyompa mtu chakula.

Mgeni alikiparua kwa ncha ya mrija, polepole, tabaka kwa tabaka, na akasoma kwa sauti ileile ya upole aliyoshukuria maji. Utando wa juu ulikuwa na metali nzito ya vichwa vya makombora. Chini yake palikuwa na safu nyembamba ya tope tupu, msimu Uwanja ulipofungwa kwa matengenezo. Chini yake metali tena, msimu wa majaribio ya vilima vya kaskazini. Kisha tena. Na tena. Kila mlipuko mkubwa ulikuwa umelala mle, kwa mpangilio wake, na ulilingana na vumbi ambalo mabawa yalilinusa mwaka kwa mwaka. Lakini chini kabisa, kwenye udongo wenyewe, pale mama mkwe wa Bi Ngolo alipoanza kuutumia mtungi kabla Uwanja haujakuwepo, palikuwa na maji ya kisima, mlonge, na hapakuwa na kitu kingine chochote.

"Udongo wenu ulikuwa mzuri, mama," alisema Mgeni. "Hilo nalo nimeliandika. Majaribio yamesimama kuanzia sasa. Suala la nani aondoke ni la Jopo."

Meja Shekalaghe alikuwa bado ameshika kalamu. Aliitazama, akaitia mfukoni. "Wataniuliza kama niliona nia ya kuficha," alisema.

"Na utasemaje?" Kalekwa aliuliza.

Meja alitazama vigae, akamtazama yule mama aliyesimama katikati yavyo na khanga imelowa. "Nitasema nilichokiona. Mtu anayeficha havunji mtungi wake."

Kalekwa hakujua kama hilo lingetosha. Huenda wangehamishwa, huenda malori yangekuja kabla mtoto wa Milembe hajazaliwa. Lakini alipowatazama watu wake katika nguo zao za sikukuu, waliotoka wenyewe kuja kushitaki adabu yao wenyewe mbele ya jeshi, aliona fahari. Hakuwahi kujivunia kitu namna ile. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Mgeni alikunja mabawa. "Asanteni kwa kunikaribisha. Nitapita tena."

"Ukipita," alisema Bi Ngolo, "usinipigie hodi."

Mgeni akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona hajui la kufanya. "Nimekosea kitu, mama?"

"Hujakosea. Mtungi wa mgeni huku ndani haupo tena, unauona. Na sisi hatumpi mgeni maji mabaya. Kwa hiyo huna budi kuwa mtu wa hapa. Ingia bila hodi, nenda kisimani, kunywa tunayokunywa sisi, useme ulivyoyaona. Umesikia?"

"Mkataba unataka mkono wa mwenyeji."

Bi Ngolo aliunyoosha ule mkono wake uliolowa, akamshika Mgeni shingoni kama unavyomshika ndama, akaanza kumwongoza kuelekea kisimani. Kalekwa akavaa kofia yake vizuri, akawafuata.